Majogoo na mitetea banda moja: uwalishe nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepiga foleni nyuma ya mama mmoja kwenye agroveti hapa Ruai. Ana mitetea 12 na majogoo 2, na alitaka chakula cha kupima, gorogoro tatu.

“Nikuwekee layers ama growers, mama?” kijana akamuuliza, kopo la kupimia tayari mkononi.

“Niko na majogoo pia, mwanangu. Wewe waonaje?”

“Basi beba layers. Jogoo hatagi, lakini pia hawezi kulala njaa.”

Mama akacheka, akalipa, akaondoka. Kijana hakukosea, ila aliruka jambo lililomleta mama pale. Tofauti kubwa kati ya layers na growers ni kalsiamu, na kalsiamu hiyo yote jogoo haihitaji. Ukitazama vizuri, njia zote nne nitakazolinganisha hapa zinajibu swali moja tu: kalsiamu ikae ndani ya gunia, kila ndege aile apende asipende, au ikae pembeni, aifuate mwenye haja nayo?

(Nitatumia majina yaliyoandikwa kwenye magunia, layers mash cha kuku wanaotaga, growers mash cha wanaokua, na mengine, maana hakuna muuzaji wa Nairobi atakayekuelewa ukimwomba “chakula cha kuku watagao”.)

Hesabu kwanza

Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Mtetea hafyonzi yote anayoila, karibu nusu humpita, kwa hiyo siku ya kutaga anahitaji kama gramu 4. Kuku mzima hula kati ya gramu 110 na 130 za chakula kwa siku. Tuseme 120. Layers mash huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 na kidogo, basi sahani yake ya siku inampa gramu 4 na ushei. Growers mash, yenye asilimia 1 hivi, inampa gramu 1.2. Pengo linalobaki anakopa kwenye mifupa yake mwenyewe.

Jogoo naye gramu 1 inamtosha. Ukimpa layers mash, anakula mara nne ya haja yake kila siku inayopambazuka, na ziada ile inayoingia damuni ni figo zinazopaswa kuitoa.

Lakini jogoo hayuko peke yake. Mtetea anayeatamia hatagi. Anayelea vifaranga hatagi. Anayepukutisha manyoya hatagi, na huyo anahitaji protini kuliko kalsiamu, kwa sababu unyoya karibu wote ni protini. Tembe ambaye hajaanza kutaga naye ni vivyo hivyo. Kienyeji wa asili hutaga mayai 40 hadi 100 kwa mwaka. Piga hesabu: siku yoyote utakayoingia banda la kienyeji, wasiotaga ni wengi kuliko wanaotaga. Layers wa kisasa, yaani kuku wa mayai, hutaga karibu mayai 300, kwa hiyo kwao mambo yamegeuka kabisa. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, Naivasha, wako katikati.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, hesabu vichwa: wangapi wanataga wiki hii, wangapi hawatagi, na kuna wa chini ya wiki 18? Kisha pima kila njia kwa mambo manne: mayai, majogoo, mfuko wako na kazi yako.

1. Layers mash kwa wote

*Mayai.* Hapa hakuna ubishi. Protini ni asilimia 16 hadi 18, kalsiamu imo, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) imo. Ganda linakuwa gumu na idadi haiyumbi. Upungufu wake unaonekana kwa anayetotolesha: chakula hiki kimeundwa kwa mayai ya kula, na vitamini zinazomtosha mtetea kutaga huenda zisitoshe kifaranga kukua ndani ya yai. Vitamini B2 ikipungua, vifaranga hufia ndani ya ganda. Ukiona mayai yenye mbegu yanaoza kwenye mashine, ongeza vitamini kwenye maji kabla ya kumlaumu jogoo.

*Majogoo.* Madhara yaliyo wazi kabisa ni kwa kuku wachanga. Pora na tembe wa chini ya wiki 18 hawafai kuonja layers mash kila siku. Figo zao huharibika, na wengine hufa kwa jongo la ndani. Kwa jogoo mzima mambo si mepesi hivyo kusema. Wapo wanaoila miaka mitatu, minne, na bado wanawika saa kumi alfajiri kama kawaida. Mimi nilimchinja mmoja Desemba, alikuwa amekula layers tangu nimnunue, nikakuta figo zimevimba na zina michirizi myeupe kama unga wa chaki. Je, ni layers mash? Siwezi kuapa. Mwaka huo mgao wa maji ulitubana hapa mtaani na kuna siku kuku walikaa na chombo kikavu hadi jioni, na kukosa maji nako huleta michirizi ileile. Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Anayelishwa kalsiamu nyingi na kunyimwa maji anapigwa pande zote mbili.

*Mfuko.* Kwa kawaida gunia la layers ni ghali kuliko la growers, lakini huongezi kitu kingine. Mitetea 20 na majogoo 2 hula kilo 2.6 hivi kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 50 linakwenda siku 19. Uliza uzito kabla ya kulinganisha bei, kwa sababu lipo gunia la 50 na lipo la 70, na ukiwa na haraka hutaona tofauti.

*Kazi.* Hakuna. Fungua, mwaga, funga.

*Inamfaa nani?* Mwenye layers wa kisasa wanaotaga kila siku, jogoo mmoja au wawili wazima, na hakuna vifaranga bandani. Pia anayeondoka nyumbani saa kumi na moja na kurudi usiku, na kuku wamebaki na mtoto wa shule.

2. Growers mash, na kalsiamu kwenye mkebe wake

Kuna asubuhi niliingiza mkono kwenye kiota nikakutana na kitu cha baridi, laini, kinachobonyea kama pakiti ya maziwa. Lilikuwa yai lisilo na ganda, utando tu, na njano ikionekana kwa ndani. Nilikuwa nimehamia growers mash wiki sita nyuma ili niokoe figo za majogoo, nikasahau kwamba chakula hiki kina nusu ya pili. Wiki hiyohiyo mtetea wangu bora alianza kukaa chini akishindwa kusimama. Mifupa ilikuwa imekopwa hadi ikaisha.

Nusu ya pili ni mkebe. Unatundika kopo pembeni, mbali na chakula, unatia chokaa ya mifugo ya chengachenga au maganda ya chaza yaliyopondwa, na unawaachia. Mtetea anayetaga huifuata mwenyewe. Utamwona jioni, kabla ya kupanda kulala, anadonoa mara sita, saba, anaondoka. Ganda hujengwa zaidi usiku, na mwili wake unalijua hilo. Jogoo hudonoa mara moja, anatikisa kichwa, anakwenda zake.

Chenga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Zile za ukubwa wa punje ya mchele hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati unga hupita haraka. Na tafadhali usinunue chokaa ya kupaka ukuta. Ile inachoma. Sema “ya kulisha mifugo” na utazame lebo. Maganda ya mayai ya jikoni yanafaa pia, yakikaushwa vizuri na kupondwa hadi yasifanane tena na yai. Usipoyaponda, utawafundisha kuku kudonoa mayai yao.

*Mayai.* Ganda ni zuri mradi mkebe haukauki. Tatizo ni protini, maana growers mash nyingi za hapa ziko kwenye asilimia 14 hadi 16, na kuku anayetaga sana ataliona pengo hilo. Mitandaoni wafugaji wa Marekani husifia chakula cha kundi zima chenye protini ya asilimia 18 na zaidi na kalsiamu kidogo, lakini katika agroveti zetu gunia hilo hulikuti. Ziba pengo kwa omena kidogo, au mabuu makavu ya nzi askari mweusi, wale ambao icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, imewatafiti kwa miaka. Omena ikizidi, mayai yananuka samaki na wateja watakuambia.

*Majogoo.* Hii ndiyo njia inayowapenda zaidi. Na pora, na tembe, na mtetea aliye kwenye mayai.

*Mfuko.* Chokaa haiumizi. Mtetea mmoja anayetaga kila siku atahitaji kama gramu 8 za chokaa juu ya growers, kwa hiyo 20 watamaliza takriban kilo 3 katika zile siku 19 za gunia. Gharama halisi ni omena.

*Kazi.* Kuangalia mkebe kila jioni. Ni kazi ndogo, ndiyo maana husahaulika.

*Na kienyeji mash?* Watu huichukulia kuwa suluhisho la kati, na inaweza kuwa hivyo. Shida ni kwamba jina hilo halikuambii kiasi cha kalsiamu. Kila kampuni na mchanganyiko wake. Tafuta lebo iliyoshonwa mdomoni mwa gunia. Ikiwa kalsiamu iko karibu na 1, ihesabu kama growers na uweke mkebe. Ikiwa 3 kwenda juu, hiyo ni layers kwa jina lingine. Ukinunua kwa gorogoro, mwombe muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe, kwa sababu lebo haiji nyumbani na wewe.

*Inamfaa nani?* Mwenye kienyeji wa rika zote pamoja, anayeatamisha, na aliyepo nyumbani jioni.

3. Kujichanganyia

Kuna fomula moja inayozunguka sana Kenya kwa kilo 70 za layers: mahindi kilo 34, soya 12, omena 8, pumba ya mahindi 10, chokaa 6. Nimeipiga hesabu. Ikiwa soya imekaangwa na omena si nusu mchanga, protini inafika kama asilimia 17 na kalsiamu inapita 3. Ni layers mash halisi. Inachokosa ni chumvi na premiksi, na hivyo usiviruke.

Uzuri wa kujichanganyia kwa banda lenye majogoo ni kwamba unaamua mwenyewe chokaa ikae wapi. Katika zile kilo 6, bakisha 1 ndani ya mchanganyiko, 5 zipeleke kwenye mkebe. Kalsiamu ya chakula inashuka hadi asilimia 1 hivi kwa wote, na mtetea anajiongezea.

*Mayai.* Yanaweza kuwa mazuri sana au ya ovyo, kutegemea uaminifu wa malighafi. Omena itie kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge, uone mchanga unaotua chini. Soya mbichi usimpe kuku, ina kitu kinachozuia protini kumeng’enywa. Ikaange hadi inukie. Mashudu ya pamba yakizidi hubadilisha rangi ya njano ya yai. Ya alizeti ni salama zaidi, ingawa yana kapi nyingi.

*Majogoo.* Sawa na njia ya pili, mradi umetenga chokaa.

*Mfuko.* Watu huingia hapa wakitafuta unafuu, na wenye kuku 200 huupata. Mwenye kuku 15 atanunua premiksi ya kutosha tani nzima, kisha alipe nauli ya kwenda kutafuta omena mjini. Hesabu na matatu pia.

*Kazi.* Nyingi: mizani, turubai safi, koleo na nusu siku. Premiksi ianze kuchanganywa na kilo moja ya unga, kisha kilo tano, ndipo iingie kwenye rundo. Ukiimwaga moja kwa moja, kuku mmoja atakula ya wiki nzima na mwingine hatapata.

Halafu kuna sumukuvu, ile aflatoksini. Mahindi yaliyoota ukungu wengi wetu huyapeleka kwa kuku tukisema hawa hawachagui. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kuku nao ini huharibika, na mabaki ya sumu huweza kuingia kwenye mayai unayokula wewe. Hindi ambalo hungelisaga kwa ugali lisiingie kwenye mchanganyiko.

*Inamfaa nani?* Mwenye kundi kubwa, mahali pa kukausha na kuhifadhi, na subira.

4. Kila jinsia na chombo chake

Mashamba makubwa ya kuku wazazi hufanya hivi kila siku. Chombo cha mitetea kina vijiti vilivyobanana, kichwa cha jogoo na undu wake havipiti. Cha majogoo kinaning’inizwa juu, mtetea hafiki. Layers huku, growers kule.

*Mayai* na *majogoo*: kila mmoja anapata haki yake, kwenye karatasi njia hii inazishinda nyingine. Bandani kwangu ilidumu siku nne. Kienyeji ni mwepesi, anaruka, na siku ya tatu nilimkuta mtetea ameketi ndani ya chombo cha majogoo kama abiria wa dirishani.

Kilichofanya kazi ni kumpa jogoo chumba chake. Mtetea huhifadhi mbegu mwilini na anaweza kutaga mayai yenye mbegu siku 10 hadi 14 baada ya kupandwa. Jogoo akiingia kwa mitetea mara mbili au tatu kwa wiki, jioni, mayai ya kutotolesha utayapata, na chakula chake atakula kwake.

*Mfuko.* Magunia mawili yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja. La growers kwa jogoo mmoja litaota ukungu kabla hajalimaliza, hivyo mnunulie kwa gorogoro.

*Kazi.* Kumtoa na kumrudisha. Wengine hukubali kushikwa, wengine watakuonyesha kucha.

*Inamfaa nani?* Mwenye jogoo wa mbegu aliyemgharimu, na nafasi ya ziada. Kwenye ploti ya Githurai au Kayole yenye banda la futi nne kwa sita, isahau.

Basi uchague vipi?

*Una layers wa kisasa 30 na jogoo mmoja mzima.* Layers mash, maji yasikauke, na usisumbuke. Ukitaka kutotolesha, ongeza vitamini.

*Una kienyeji mchanganyiko, mmoja anaatamia, mwingine ana vifaranga wanaomfuata.* Growers na mkebe. Vifaranga wadogo wapewe chick mash mahali mama hapenyi, hadi wiki ya nane. Hapo layers mash ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu wadogo hula kila kinachomwagika.

*Una majogoo wengi kuliko inavyofaa, tuseme 5 kwa mitetea 12.* Mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10. Punguza majogoo kwanza, gharama ya chakula itashuka kabla hujabadilisha gunia.

*Una kienyeji walioboreshwa, nusu wanataga, nusu bado.* Hapa njia ya kwanza na ya pili zinakaribiana. Wote wakishavuka wiki 18, unaweza kwenda na layers. Kabla ya hapo growers, na mkebe uwepo kwa wale walioanza kutaga.

*Unanunua kwa gorogoro, leo hapa kesho pale.* Weka mkebe wa chokaa bila kujali umeuziwa nini. Kama ilikuwa layers, mitetea watauacha. Kama ilikuwa growers, umewaokoa.

Ukihama kutoka chakula kimoja hadi kingine, changanya kidogo kidogo kwa wiki moja: robo, nusu, robo tatu. Ukibadilisha ghafla, kuku husimama mbele ya chombo kama wamesusa, na mayai hupungua bila sababu nyingine.

*Na kama unataka mayai ya chai tu, na jogoo ulimnunua kwa sababu mtu alikuambia kuku hawatagi bila yeye?* Wanataga. Mchinje Jumapili mumle na chapati, baki na gunia moja la layers, na jirani wa ghorofa ya pili atalala hadi saa kumi na mbili.